"Chase" na kufukuza: je, ni neno moja?

Mzazi wa Ahero

Hamjambo nyote. Naomba mnisaidie kulielewa neno moja la Kiingereza ambalo nilidhani nalijua tangu nikiwa darasa la nne, kumbe sivyo.

Binti yangu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni, na sehemu ya karo yake hulipwa na bibi mmoja mzee wa Uingereza tuliyefahamiana naye kupitia kanisani. Wiki mbili zilizopita binti alifika nyumbani saa nane mchana kwa boda boda, sanduku lake limefungwa kwa kamba nyuma ya kiti, kwa sababu salio la karo lilikuwa halijalipwa. Usiku huohuo nikamwandikia mfadhili wetu barua pepe, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "My daughter was chased from school today." Kwangu mimi hiyo ilikuwa tafsiri iliyonyooka ya maneno ambayo kila mzazi wa hapa kwetu huyasema, kwamba mtoto amefukuzwa shule.

Jibu lilikuja kabla hakujapambazuka, na bibi wa watu alikuwa amejaa hofu. Aliuliza ni nani waliomkimbiza mtoto, walikuwa wangapi, kama walikuwa na silaha, kama ameumia, na kama tumekwisha kupiga ripoti polisi. Nilisoma mara tatu ndipo nikang'amua kwamba katika mawazo yake alikuwa amemwona binti yangu akitoka langoni mbio huku watu wakimfuata nyuma. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona uchungu kwamba nimemkosesha usingizi mtu mwenye umri kama wake kwa neno moja tu.

Sasa maswali yangu ni haya. "Chase" maana yake hasa ni nini? Mbona kamusi yangu ndogo inaandika "fukuza" tu na kuishia hapo? Nauliza kwa sababu katika Kijaluo tuna vitenzi viwili vilivyo mbalimbali: "lawo" ni kumfuata mtu mbio ili umpate, na "riembo" ni kumwondosha mahali. Binti yangu "aliriembwa", hakuna aliyemlawo. Je, Kiingereza nacho kina vitenzi viwili ambavyo mimi sivijui?

Mwalimu wa Lugha, Kakamega

Mzazi mwenzangu, pole kwa usumbufu, na pole kwa binti. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu umeligusa jambo ambalo wanafunzi wangu hulikosea kila muhula na ambalo kamusi ndogo hazina nafasi ya kulieleza.

Tuanze na mzizi. "Chase" iliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na huko ilitokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukamata, kutwaa kwa mkono. Neno "catch", yaani kudaka au kushika, limetoka katika mzizi huohuo, isipokuwa lilipitia lahaja ya Kifaransa cha kaskazini na ndiyo sababu likabaki na sauti ya "k". Kwa hiyo "chase" na "catch" ni pacha: mmoja bado yuko mbioni, mwenziwe ameshafika na kushika. Hata "purchase", ambayo leo ni kununua, hapo zamani ilikuwa na maana ya kukihangaikia kitu mpaka ukipate. Ukiliweka hilo akilini utaona kwamba Mwingereza anapolisikia "chase" likiwa peke yake, macho yake humwangalia yule anayefuata, mkono umenyooka, nia yake ikiwa kumshika anayekimbia.

Neno letu la kufukuza lina mielekeo miwili ndani yake. "Askari walimfukuza mwizi hadi Kondele" ni kumfuata ili akamatwe. "Amefukuzwa kazini" ni kumtoa, wala hakuna aliyekimbia hatua moja. Msikilizaji wa Kiswahili hapati shida, kwa kuwa maneno yaliyo jirani humwonyesha ni kufukuza kupi. Methali yetu inayosema "Akufukuzaye hakwambii toka" imesimama juu ya maana ya pili peke yake: mwenyeji amekaa kitini, hajainua mguu, nawe umeshafukuzwa.

Kiingereza nacho kina maana hiyo ya pili, lakini huidai ionyeshwe kwa neno dogo linalofuata kitenzi: "chase away", "chase off", "chase out". Neno hilo dogo ndilo linaloubadilisha mwelekeo kutoka kusogea karibu hadi kusukuma mbali. Sentensi yako haikuwa nalo. Tena ilikuwa ya kutendwa bila kumtaja mtenda, na msomaji akiona mtu ametendwa hujiuliza mara moja ni nani aliyetenda. Halafu maneno "from school", ambayo wewe uliyakusudia yawe mahali alipoondolewa, yeye aliyasoma kama mahali mbio zilipoanzia. Ukiyaunganisha hayo matatu, picha aliyoiona haikuwa ya ajabu hata kidogo. Ndiyo picha ambayo sentensi ile humpa Mwingereza yeyote.

Je, kuna kitenzi kingine? Kipo, nacho ni "drive", kikifuatwa na "away" au "out". Wanaosoma Biblia wafungue Mwanzo 3:24. Kiswahili cha Union kinasema "Basi akamfukuza huyo mtu", na Kiingereza cha King James kinasema "So he drove out the man". Hakuna "chase" pale, kwa sababu Adamu hakuwa akifuatwa ili akamatwe. Alikuwa akitolewa bustanini. Kwa hiyo "riembo" yako iko karibu zaidi na "drive out", na "lawo" yako ndiyo "chase" yenyewe.

Hata hivyo, kwa mtoto aliyerudishwa kwa sababu ya karo, mimi nisingetumia "drive out" wala "expel". Neno "expel" ni zito sana: ni kufutwa shuleni moja kwa moja, na mfadhili angeweza kudhani mtoto ametenda kosa kubwa na hana pa kurudi. Maneno ya kawaida kwa jambo hili ni "sent home". Andika hivi: "My daughter was sent home from school today because part of her fees has not been paid." Ni sentensi tulivu, na inabeba sababu yake yenyewe.

Mkulima wa Mpunga

Nami ni mtu wa hapohapo Ahero, katika mashamba ya mpunga, na nimeisoma mada hii kwa makini kwa kuwa kazi yetu kubwa mpunga unapoanza kukomaa ni kufukuza ndege. Kwelea wakitua kwa kundi, shamba linaweza kuliwa likabaki makapi. Tangu alfajiri tunakaa juu ya tuta, mmoja anagonga debe, mwingine anavuta kamba iliyofungwa makopo kutoka mti hadi mti, na vijana wanatupa madonge ya tope kwa fimbo. Kazi hiyo Waswahili wa pwani huiita kuamia, na kule kupiga kelele ili ndege waruke ni kuwinga. Sisi huku hatuna utaratibu wa kuyatumia maneno hayo, tunasema kufukuza tu, lakini ni maneno mazuri na yangestahili kujulikana.

Wageni walipokuja kututembelea, mwanangu aliwaambia kwa Kiingereza kwamba yeye "chases birds", nao wakacheka kwa upole na kumuuliza kama amewahi kumshika mmoja. Tangu siku hiyo nina kipimo changu ninachowapa watoto: kabla hujaandika "chase", jiulize kama unataka kukishika kile unachokifukuza. Kama unataka kukishika, "chase" pekee inatosha. Kama unataka kiende zake, usisahau "away". Sisi ndege hatuwataki mikononi, tunataka warudi porini.

Ila nina neno moja kwa Mwalimu. Kutoka Busia hadi Nakuru, ukisema kwa Kiingereza kwamba mtoto "was chased for fees", kila mtu anakuelewa, mpaka karani wa benki na mchungaji. Je, jambo linaloeleweka na nchi nzima linaweza kuitwa kosa?

Mwalimu wa Lugha, Kakamega

Mkulima, kipimo chako nitakipeleka darasani, na nitawaambia wanafunzi kimetoka wapi.

Kuhusu kosa, sikulitumia neno hilo na sitalitumia. Hicho ni Kiingereza cha Kenya, na kina asili yake: tulikuwa na kufukuza, Wajaluo wana "riembo", Wakikuyu wana "kũingata", nasi tukalibebesha neno la kigeni mzigo tuliokuwa tukiubeba tangu awali. Tena tuna ndugu huko mbali. Wafaransa, ambao kwao ndiko neno hili lilikotoka, hadi leo kitenzi chao "chasser" kina maana ya kuwinda mnyama na pia maana ya kumtimua mtu nyumbani, vilevile kama kufukuza kwetu. Kwa hiyo ukimwandikia mtu wa Kisumu, andika utakavyo. Ukimwandikia mtu wa Uingereza, yampasa mwandishi ajue picha iliyomo kichwani mwa msomaji wake, maana barua ni ya yule anayeisoma.

Muuguzi, Kisumu

Naomba niongeze kitenzi ambacho hakijatajwa, nacho ndicho kilichowahi kutusumbua sisi. Mbali na kufukuza tuna kukimbiza, na watu wengi huyachukulia kuwa neno moja. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimwelekeza mwanafunzi wa uuguzi katika zahanati, kijana mwenye bidii na mwandiko safi. Usiku mmoja aliletwa mzee aliyekuwa akihema kwa shida. Majirani walimbeba kwenye tuktuk, wakamshusha mlangoni, wakabaki nje wakisubiri. Asubuhi nikafungua kitabu cha kupokezana zamu nikakuta ameandika: "Patient was chased to hospital by neighbours." Nilikaa nikaitazama sentensi ile. Yeye alikuwa ameifikiria kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ilikuwa sahihi kabisa: mgonjwa alikimbizwa hospitalini na majirani. Lakini kwa Kiingereza majirani waliomwokoa yule mzee walikuwa wamegeuzwa maadui zake.

Kukimbiza ni kufanya kitu kiende mbio, basi. Hakisemi kama anayekimbiza yuko nyuma, mbele au ubavuni, wala kama ana nia njema au mbaya. Mgonjwa hukimbizwa hospitalini kwa upendo. Kule Tanzania Mwenge wa Uhuru hukimbizwa mkoa hadi mkoa, na anayeukimbiza ameushika mkononi. Mbwa naye humkimbiza paka. Katika sentensi hizo tatu ni hii ya mwisho tu ambayo Kiingereza kitaiita "chase". Kwa mgonjwa neno lao ni "rushed", na nilimwonyesha kijana yule alisahihishe kwa kalamu nyekundu kabla daktari hajapita. Nadhani mzazi wa Ahero atafarijika kujua kwamba hayuko peke yake.

Kocha wa Shule, Nakuru

Katika riadha neno hili tunaishi nalo kila siku, na lina sura ambayo haijaguswa hapa. Mbio ambazo watangazaji wetu huziita mita 3000 kuruka viunzi na maji, Waingereza huziita "steeplechase". "Steeple" ni mnara mrefu wa kanisa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752 huko Ireland wapanda farasi wawili walishindana kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, wakikata moja kwa moja mashambani, wakiruka kuta na mitaro, huku kila mmoja akiukazia macho mnara wa kanisa ulioonekana kwa mbali. Kutoka kwa farasi mchezo ukaja kwa wanadamu, na ndiyo maana mkimbiaji wetu leo anaruka viunzi mara 28 na maji mara 7.

Tazameni sasa: mnara haukimbii. Umesimama palepale, na bado Kiingereza kinasema unafukuzwa. Hapo "chase" si tena kumwandama mtu anayekukwepa, bali ni kukielekea kitu kwa nguvu zako zote. Ndiyo maana iliyozaa "chase a dream" na "chase a medal". Nami nadhani Kiswahili kinalo neno linalotosha hapo bila kuazima kwa mtu, nalo ni kufukuzia. Kiambishi kile kidogo kinafanya kazi ileile ya "after" ya Kiingereza. Magazeti ya michezo yamelizoea: timu inafukuzia ubingwa, klabu inafukuzia saini ya mchezaji. Hakuna msomaji atakayefikiri kwamba ubingwa unatimuliwa uondoke.

Kwetu Bonde la Ufa mbio hizi ni kama mali ya nyumbani, na mniwie radhi nikichukua nafasi. Amos Biwott alishinda dhahabu Mexico mwaka 1968, na mtindo wake wa kuruka shimo la maji akatua pakavu bado makocha wanausimulia. Kipchoge Keino akafuata Munich mwaka 1972. Tangu hapo, kila Olimpiki ambayo Kenya ilihudhuria hadi ile ya Rio mwaka 2016, dhahabu ya wanaume katika mbio hizo ilikuja nyumbani, mpaka Soufiane El Bakkali wa Moroko alipoichukua Tokyo mwaka 2021. Miaka hiyo yote sisi ndio tuliofukuziwa. Sasa tunafukuzia, na mwanafunzi wangu mmoja aliponiuliza tofauti ya maneno hayo mawili, nilimpeleka uwanjani nikamweka wa pili nyuma ya mwenzake kwa mizunguko minne. Aliporudi akihema hakuniuliza tena.

Fundi wa Umeme, Nakuru

Nina swali dogo kwa Mwalimu. Sisi mafundi, kabla ya kupitisha paipu za nyaya ukutani, tunachimba mfereji kwenye plasta, na kazi hiyo tunaiita kuchesi ukuta. Kwenye makaratasi ya bei imeandikwa "chasing". Je, ukuta nao unafukuzwa?

Mwalimu wa Lugha, Kakamega

Hapana, Fundi. Hilo ni neno jingine lililofanana kwa sura tu. Lenu limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya sanduku, kitu cha kuhifadhia kingine ndani yake, kama mfereji unavyouhifadhi waya. Sonara anayenakshi fedha kwa nyundo na patasi butu naye hutumia "chase" ya ukoo huohuo wa sanduku. Halihusiani na mbio.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mfanano, wazazi wawaangalizie watoto matamshi. "Chase" huishia kwa sauti ya "s" na si "z", na irabu yake huvutwa. "Chess", ule mchezo wa sataranji, ni fupi. Watoto wengi hapa huyatamka sawasawa kisha huyaandika sawasawa.

Kocha, nakushukuru kwa kufukuzia. Ningeongeza tu kwamba kwa jambo la muda mrefu na la utulivu, kama masomo au kesi, Waingereza hupendelea "pursue" badala ya "chase". "Chase" ina jasho na haraka; "pursue" ina subira. Mwanafunzi wa chuo kikuu "pursues a degree", naye sisi tunasema anasomea shahada, bila mbio yoyote.

Mzazi wa Ahero

Nawashukuru nyote kwa moyo. Niliituma barua ya pili kama Mwalimu alivyoniandikia, nikaeleza kwamba mtoto yuko salama, yuko nyumbani anasoma, na kwamba ni salio la karo tu lililobaki. Niliongeza pia sentensi moja ya kumwomba radhi kwa hofu niliyomtia, na nikamweleza kwamba katika lugha zetu neno moja hufanya kazi zote mbili.

Bibi amejibu kwa maneno ya upole sana. Anasema alikuwa ametuma pesa tangu mwezi uliopita na hakujua kwamba hazijafika. Lakini mwisho wa barua ameandika hivi: "I will chase it up with the bank on Monday." Nimesita. Kwa kipimo cha Mkulima, anataka kuzishika pesa, basi hilo ni "chase" la kufuata. Ila hiyo "up" imenichanganya, kwa kuwa si "away" wala si "after". Je, anazifukuza pesa au anaifukuza benki?

Mwalimu wa Lugha, Kakamega

Hafukuzi chochote, mzazi mwenzangu. "Chase up" ni kufuatilia: kumkumbusha mtu jambo alilopaswa kulifanya, kupiga simu, kuuliza, kupiga simu tena, mpaka jibu lipatikane. Waingereza hulitumia sana kwa malipo yaliyochelewa. Anachokuambia ni kwamba Jumatatu atalifuatilia suala hilo benki. Mtafutie namba ya risiti ya mwisho ya shule na umtumie kabla ya siku hiyo, itamrahisishia kazi.